Godoro la Mwalimu Mstaafu wa Tanga: Uchambuzi wa Kisa

Kisa ninachokichambua hapa ni cha mume na mke wa Tanga mjini, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi mwenye miaka 67 na mkewe mwenye miaka 61, ambao kwa miezi kadhaa walishindwa kukubaliana na watoto wao, na hata wao kwa wao, kuhusu godoro la kununua. Mwalimu ana kilo 92 na mkewe ana kilo 58. Kila alfajiri mwalimu aliamka kwa swala akiwa na maumivu ya kiuno yaliyomlazimu kukaa ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla ya kusimama, na maumivu hayo yalipungua kadiri alivyotembea, hivi kwamba ilipofika saa nne asubuhi aliweza kwenda sokoni na kurudi bila taabu. Mkewe hakuumwa kiuno, lakini alilalamika kwamba usiku kucha anateremkia upande wa mumewe na kwamba bega lake la kulia hufa ganzi. Nilishirikishwa kwa sababu ni majirani zetu na kwa sababu nimeuza na kukarabati samani za ndani kwa muda mrefu. Mambo machache ambayo yangeweza kuwatambulisha nimeyabadilisha.

Mapendekezo yalikuwa manne, na kila moja lilikuwa na mtetezi wake. Kijana wao mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alitaka kuwanunulia godoro la springi, kwa kuwa ndilo analolalia yeye na hajawahi kujuta. Binti yao aliyeolewa Maskati alisisitiza memori fomu, yaani sponji inayorudi taratibu inapobonyezwa, na alikuwa tayari kuituma ikiwa imefyonzwa hewa na kuviringishwa. Jirani mmoja aliyewahi kuumwa mgongo alishikilia kwamba dawa ni godoro gumu kabisa, lile linaloandikwa kuwa ni la mifupa, na kama halipatikani basi mwalimu alale sakafuni. Mwalimu mwenyewe alilitamani godoro la sufi, yaani la nyuzi za mti wa msufi, kwa kuwa ndilo alilokulia na hakumbuki mzazi wake yeyote kulalamikia kiuno. Mama hakuwa na aina aliyoitaka. Alichotaka ni kulala mahali alipojilaza.

Hakuna aliyekuwa anasema uongo kati yao. Kila mmoja alikuwa akieleza kitu kilichomfaa yeye, kwa uzito wake, juu ya kitanda chake, katika chumba chake. Kilichokosekana katika mazungumzo yote yale ni vipimo: uzito wa watu wawili watakaolilalia godoro, hali ya kitanda kitakacholibeba, joto na unyevu wa chumba, na wingi halisi wa malighafi iliyomo ndani ya kitu kinachouzwa. Naamini kwamba familia nyingi hupoteza fedha katika jambo hili kwa sababu hubishania aina ya godoro kabla ya kupima mambo hayo, na ndiyo maana nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa kirefu.

Kabla ya kuzungumzia ununuzi wowote, nilimwomba mwalimu aende hospitali kwanza. Maumivu ya kiuno yanayokuwa makali asubuhi na kulegea mtu anapotembea yanaweza kutokana na godoro bovu, lakini mtindo huohuo huonekana pia katika baadhi ya magonjwa ya maungio, na hakuna muuza magodoro anayeweza kutofautisha mawili hayo kwa macho. Yako pia mambo ambayo yakionekana pamoja na maumivu ya mgongo hayaruhusu kusubiri: ganzi au udhaifu unaoshuka miguuni, kushindwa kuzuia mkojo au choo, homa, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yasiyotulia hata mtu akiwa amepumzika. Daktari hakukuta lolote kati ya hayo kwa mwalimu, akampa mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha misuli ya mgongo na tumbo, na akamwambia aangalie anapolala. Hapo ndipo kazi yetu ilipoanzia.

Godoro walilokuwa nalo lilikuwa la sponji, futi 5 kwa 6, unene wa inchi 6. Tulivuta uzi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, tukaukaza, kisha tukapima kwa rula umbali kati ya uzi na uso wa godoro. Mahali anapolalia mwalimu, usawa wa nyonga, bonde lilikuwa na kina cha inchi mbili na nusu. Upande wa mkewe kina hakikufika inchi moja. Kipimo hicho kidogo kilieleza malalamiko yote mawili kwa mara moja: mwalimu alikuwa analala nyonga zikiwa zimezama na kiuno kimepinda, naye mkewe alikuwa analala kwenye mteremko.

Lakini tulipoliinua godoro tulikuta jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kisa hiki. Chaga za kitanda zilikuwa zimetengana kwa nafasi ya inchi tano hadi sita, mbili za katikati zilikuwa zimepinda kwenda chini, na moja ya hizo mbili ilikuwa na ufa. Upande wa chini wa godoro ulikuwa na mistari iliyotuna kila palipokuwa na nafasi, dalili kwamba sponji ilikuwa ikisukumwa kupita kati ya mbao usiku baada ya usiku. Sehemu ya lile bonde, basi, haikuwa ya godoro bali ya kitanda, na kama kijana wa Dar es Salaam angeleta godoro la springi siku ile na kulitandika juu ya chaga zilezile, bonde lingeanza kuchimbika upya kabla ya mwaka kuisha. Chaga zinatakiwa zisiachane zaidi ya inchi tatu, na kwa godoro la sponji ni bora zaidi zikiwa karibu zaidi ya hapo. Kitanda cha futi tano kinahitaji pia mhimili wa katikati wenye mguu unaofika sakafuni, kwa sababu ubao unaobeba uzito wa watu wawili kwa upana wote huo bila egemeo utapinda tu, hata ukiwa wa mninga.

Jambo la tatu tulilolikuta ni la kawaida mno huku pwani, nami sitachoka kulisema. Godoro lilikuwa bado limevaa karatasi ya nailoni lililotoka nayo dukani, na shuka lilikuwa limetandikwa juu ya karatasi hiyo kwa miaka yote. Watu huiacha kwa nia njema ya kulitunza. Matokeo yake ni kwamba jasho la usiku halina pa kwenda, joto la mwili linarudi kwa mlalaji, na unyevu unaopenya kwenye mishono unabaki ndani bila kukauka. Tulipoivua karatasi ile tulikuta madoa ya ukungu pembeni. Karatasi ya nailoni kazi yake ni kulilinda godoro njiani, na likishafika nyumbani inapaswa kuvuliwa siku hiyohiyo, godoro liachwe lipate hewa kwa siku moja au mbili ili harufu ya kiwandani itoke, kisha livikwe foronya ya kitambaa inayoweza kufuliwa.

Baada ya hapo tuliyarudia mapendekezo, na nitaanza na lile la jirani kwa sababu ndilo linaloaminiwa na watu wengi zaidi. Imani kwamba mgongo unaouma unataka kulala pagumu ni ya zamani, na hata madaktari wengi waliwahi kuitoa kama ushauri. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania na Francisco Kovacs na wenzake, ambapo watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa magodoro magumu na wengine magodoro ya ugumu wa kati, kisha wakafuatiliwa kwa siku 90. Katika kipimo cha Ulaya kilichotumika, ambapo 1 ni gumu kabisa na 10 ni laini kabisa, magodoro magumu yalikuwa na 2.3 na yale ya kati yalikuwa na 5.6. Waliolalia magodoro ya kati walipata nafuu zaidi wakiwa kitandani, walipoamka, na katika shughuli zao za kila siku. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, lakini unatosha kuiondolea imani ile hadhi ya kuwa jambo lisilohojiwa.

Sababu yake inaeleweka ukiutazama mwili ulivyo. Mtu aliyelala kwa ubavu hugusa kitanda kwanza kwa bega na nyonga, na kiuno hubaki juu. Pakiwa pagumu kama ubao, bega na nyonga hazizami hata kidogo, kiuno huning'inia bila kubebwa, na damu hubanwa penye mifupa, na hapo ndipo mkono unapokufa ganzi. Pakiwa laini kupita kiasi, nyonga, ambayo ni nzito kuliko sehemu nyingine, huzama mno na mgongo hupinda kwa upande wa pili. Linalotakiwa ni godoro linalokubali bega na nyonga ziingie kiasi huku likikisukuma kiuno kwa chini. Mwalimu mwenyewe alikuwa na ushahidi wa hili bila kuutambua. Siku za matanga huko Muheza alilala juu ya mkeka uliotandikwa godoro la inchi mbili, na alituambia kwamba kiuno kilimpumzisha kidogo lakini nyonga na mabega vilimuuma kiasi cha kumkosesha usingizi. Kwa hiyo alihitaji pa kumbeba zaidi kuliko lile bonde, lakini si sakafu.

Kuhusu maandishi yanayosema godoro ni la mifupa au la tiba ya mgongo, mnunuzi ayachukue kama maneno ya biashara. Mengi ya magodoro hayo hutengenezwa kwa mabaki ya sponji yaliyosagwa vipande vipande, yakagundishwa na kubanwa kwa nguvu, na ndiyo maana huwa mazito sana na magumu sana, na ukiukata upande wake unaona madoa ya rangi nyingi. Tabaka la namna hiyo linafaa likiwa chini, kama msingi, na juu yake likawekwa tabaka la sponji nzuri ya inchi mbili au tatu. Likiwa peke yake, kwa mwanamke wa kilo 58 anayelala kwa ubavu, ni karibu sawa na sakafu.

Godoro la springi lina sifa moja ambayo pwani si ndogo: ndani yake kuna nafasi, hewa inapita, na mlalaji hapati joto kama kwenye sponji. Springi za kawaida, hata hivyo, zimefungwa pamoja kwa waya, kwa hiyo mtu wa kilo 92 akigeuka, yule wa kilo 58 hunyanyuliwa. Kwa wanandoa wanaotofautiana hivi kwa uzito, ingefaa ile aina ambayo kila springi imevikwa mfuko wake wa kitambaa na hushuka peke yake bila kuzivuta jirani zake; mpango huo ulibuniwa na James Marshall karibu na mwaka 1900 na hadi leo ndio unaoheshimika. Bei yake iliizidi bajeti ya familia, na hata bei isingekuwa kikwazo nisingeiunga mkono kwa nyumba hii, iliyo karibu na bahari kiasi kwamba bawaba za madirisha huota kutu na kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Springi ikishaota kutu hulia, kisha hukatika, kisha hutoboa kitambaa, na fundi wa mtaani hana namna nzuri ya kuitengeneza.

Pendekezo la binti wa Maskati lilihitaji maelezo ya upole, kwa kuwa lilitoka kwenye mapenzi na kwenye uzoefu wake halisi. Memori fomu ilibuniwa mwaka 1966 katika kituo cha utafiti cha Ames cha shirika la anga za juu la Marekani, NASA, na mhandisi Charles Yost alipokuwa akitafuta kitu cha kuvifanya viti vya ndege viweze kumeza mshtuko. Ni poliyurethani, kama sponji nyingine, ila imetengenezwa irudi taratibu inapobonyezwa, na hulegea kadiri inavyopata joto. Ndiyo maana mlalaji huhisi inamkumbatia, na ndiyo maana huwafaa wengi wenye maumivu ya mabega na nyonga. Lakini binti yule analala katika chumba chenye kiyoyozi, ambamo fomu hiyo hulegea pale tu mwili ulipogusa na kubaki imara kwingine. Chumba cha wazazi wake hakina kiyoyozi, na katika miezi ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, usiku wa Tanga ni wa joto na unyevu. Katika hali hiyo fomu hulegea yote, mwili huzama zaidi ya ilivyokusudiwa, na hewa haipiti kwa kuwa mwili umezungukwa na fomu pande zote. Zaidi ya hayo, mzee anayepata taabu kuinuka alfajiri hasaidiwi na godoro linalomshika. Kwa hiyo godoro lililomfaa binti kule halikuwafaa wazazi huku, ingawa ni lilelile.

Lateksi, yaani povu la utomvu wa mpira, nilitaja tu kwa ukamilifu. Ni nzuri sana, hurudi haraka, hudumu, haihifadhi joto kama memori fomu. Hatukuikuta katika maduka tuliyoyapitia, na kuiagiza kungegharimu kuliko kitanda chenyewe.

Kwa upande wa sufi, nilimsikiliza mwalimu kwa heshima, kwa sababu sufi si kitu cha kudharauliwa. Nyuzi zake zina uwazi ndani na mafuta ya asili kwa nje, hivyo hazinyonyi maji upesi, na ndiyo sababu zilijazwa katika maboya ya kuokolea watu baharini kwa miaka mingi. Godoro la sufi ni jepesi na halimchomi mtu kwa joto. Udhaifu wake ni kwamba nyuzi hizo hukatika na kushikamana, godoro likawa na mabonge na mashimo, na ni lazima lianikwe mara kwa mara, na baada ya muda lifumuliwe, sufi ichambuliwe na kujazwa upya. Enzi za wazazi wa mwalimu kazi hiyo ilifanywa na ilikuwa sehemu ya maisha ya nyumba. Leo mafundi wanaoijua ni wachache, na chini ya mtu wa kilo 92 sufi peke yake itashindiliwa baada ya muda mfupi. Hata hivyo sikuitupa, na baadaye ilipata nafasi yake.

Iliyobaki ni sponji ya kawaida, ambayo kila mtu katika familia aliiona kama kitu cha chini kwa sababu godoro bovu walilokuwa nalo lilikuwa la sponji. Hapa ndipo nililazimika kueleza kwa urefu. Sponji ya godoro ni poliyurethani, jamii ya malighafi iliyogunduliwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Kiwandani kemikali mbili kuu huchanganywa na maji kidogo, gesi hutokea, mchanganyiko huumuka, kisha hukauka ukiwa umejaa vitundu. Gesi ikiwa nyingi na malighafi kidogo, sponji huwa nyepesi na kuta za vitundu huwa nyembamba, nazo ndizo zinazochoka na kulala upesi. Kipimo cha jambo hili ni densiti, yaani kilo za sponji katika mita moja ya ujazo. Sponji za bei ya chini huwa na kilo 15 hadi 20 hivi. Kwa mtu mzima anayelala kila usiku ningependa isipungue kilo 25, na kwa mtu wa uzito wa mwalimu isipungue 30.

Densiti si ugumu, na kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakowaumiza wanunuzi wengi. Ugumu ni nguvu inayohitajika kuibonyeza sponji, na mtengenezaji anaweza kuubadilisha kwa kemikali bila kuongeza malighafi. Inawezekana kabisa kupata sponji nyepesi iliyo ngumu dukani siku ya kununua, ambayo mnunuzi huibonyeza kwa kiganja, akaridhika, akalipa, kisha baada ya mwaka mmoja ikawa na bonde. Na inawezekana kupata sponji nzito yenye ulaini wa wastani itakayobaki ilivyo kwa miaka mingi. Kiganja hupima ugumu wa leo. Uzito huonyesha kama ugumu huo utakuwapo kesho.

Uzito unaweza kupimwa na mtu yeyote. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina upana wa mita 1.524, urefu wa mita 1.829 na unene wa mita 0.203, ambazo ukizizidisha unapata karibu mita za ujazo 0.566. Sponji ya densiti 30 kwa ukubwa huo itakuwa na kilo 17 hivi. Ya densiti 20 itakuwa na kilo 11 na ushei. Tofauti ya kilo sita haihitaji mtaalamu kuiona. Dukani tulipata magodoro mawili ya ukubwa huo, yote yakiwa yameandikwa haidensiti na muuzaji akiyaita yote mawili magumu. Jirani wa duka lile anauza nafaka na ana mizani ya kupimia magunia, akatukubalia tuyapime. La kwanza lilikuwa na kilo 11 pamoja na kitambaa chake, la pili kilo 18. Tukikadiria kitambaa kuwa kilo moja, la kwanza lilikuwa na densiti isiyofika 18 na la pili karibu 30. Bei yao ilitofautiana kwa kiasi ambacho mtu aliyeangalia maandishi peke yake angeona la pili ni la kulanguliwa.

Mizani nayo inaweza kudanganywa, kwa sababu wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa ndani ya sponji ili kuiongezea uzito. Kwa hiyo baada ya kupima tulifungua zipu na kuifikicha kona ya sponji kwa vidole kuona kama inatoa unga, tukaibonyeza kwa goti hadi chini na kuangalia kama inarudi mara moja na kikamilifu, na tukatafuta alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kisha mwalimu na mkewe wakalala juu yake palepale dukani, kila mmoja kwa mkao anaoulalia nyumbani, kwa muda wa kutosha na si kwa kukaa tu ukingoni. Mama aliona haya mwanzoni. Muuzaji alikuwa mtu mwema, akawageuzia pazia.

Unene wa inchi 8 tulikubaliana kwa sababu mbili. Mtu wa kilo 92 juu ya inchi 4 au hata 6 za sponji ya wastani anaweza kuibana hadi akazihisi chaga kwa nyonga, hasa akigeuka. Na baada ya kupima kimo cha kitanda tuliona kwamba kwa inchi 8 mwalimu akikaa ukingoni nyayo zake zinatua sakafuni na magoti yanakuwa sawa na nyonga, jambo linalomrahisishia kusimama. Inchi 10 zingemwinua kupita kiasi.

Palibaki swali la tofauti ya uzito kati yao, ambalo godoro moja la sponji haliwezi kulimaliza lote: ugumu unaombeba mwalimu vizuri utakuwa mkubwa kidogo kwa bega la mkewe. Pendekezo langu lilikuwa wanunue magodoro mawili ya futi 2½ kwa 6, ukubwa unaopatikana kila duka, yenye ugumu tofauti, na wayaweke sambamba ndani ya kitanda kilekile cha futi tano. Ujerumani wanandoa wengi hulala hivyo, na hesabu ya futi inakubali kabisa. Mama alikataa. Alisema kitanda cha ndoa chenye godoro la mume na godoro la mke hakitandikwi chumbani mwake, na mwalimu akanyamaza kwa namna iliyoonyesha kwamba amekubaliana naye. Bado naamini kwamba kwa maungo yao lingekuwa suluhisho bora zaidi, lakini wanaokilalia kitanda ni wao, na ushauri usioingilika nyumbani mwa watu haufai kulazimishwa.

Tukapata njia nyingine kupitia sufi ya mwalimu. Fundi mmoja mzee wa mtaani alishona kitandiko chembamba cha sufi, unene wa inchi mbili, kwa kipimo cha upande wa mama peke yake, kikiwa na vishikizo vinavyokifunga kwenye pembe za godoro. Kitandiko hicho hulilainishia bega na nyonga mahali pa kuzama, hakiongezi joto, na kinaweza kuanikwa kila wiki kwa kuwa ni chepesi. Kwa kazi hiyo ndogo, chini ya mtu mwepesi, juu ya sponji inayobeba mzigo, sufi inafaa sana.

Kabla ya godoro kuingia ndani, seremala aliondoa chaga zote, akaweka mpya zilizopangwa kwa nafasi ya inchi mbili na nusu, na akapigilia mhimili wa katikati wenye mguu. Gharama ya kazi hiyo ilikuwa ndogo ukilinganisha na godoro. Familia ilielezwa pia kuligeuza godoro kichwa kwenda miguuni kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa nyonga haziwezi kuachwa zichimbe mahali pamoja mwaka mzima, na kulipa hewa kwa kulisimamisha ukutani dirisha likiwa wazi badala ya kulianika juani, kwa sababu jua kali huifanya sponji iwe ya manjano na kumeguka. Mwalimu alishauriwa kuweka mto mdogo kati ya magoti anapolala kwa ubavu, jambo ambalo halimgharimu chochote.

Baada ya miezi mitatu hali ilikuwa hivi. Mwalimu bado huamka na ukakamavu wa kiuno, lakini halazimiki tena kukaa ukingoni akisubiri, na asubuhi nyingi hutoka moja kwa moja kwenda kutawadha. Mama hateremki. Ganzi ya bega imepungua ingawa haijaisha, na humrudia akilala upande mmoja usiku kucha. Siwezi kusema ni kiasi gani cha nafuu hiyo kinatokana na godoro, kiasi gani na chaga, na kiasi gani na mazoezi aliyopewa hospitali, kwa sababu yote yalianza ndani ya wiki zilezile. Kama ningelazimika kuchagua jambo moja tu ambalo familia yenye fedha kidogo ifanye kwanza, ningesema zitengenezwe chaga, kisha ivuliwe nailoni, halafu pavutwe uzi juu ya godoro lililopo na kupimwa upya kabla ya kwenda dukani. Baadhi ya mabonde hupungua yenyewe.

Lile godoro la zamani mama alitaka kuwapa wajukuu wanaokuja wakati wa likizo. Nilimshauri asifanye hivyo, kwa sababu bonde la inchi mbili na nusu litawapinda watoto kama lilivyompinda babu yao, na ukungu uliokuwa pembeni haufai kwa mtoto mwenye kifua chepesi. Sehemu za kichwani na miguuni, ambazo hazikubeba uzito mkubwa na hazikuwa na madoa, zilikatwa kwa kisu kirefu na kushonewa vitambaa ziwe matakia ya viti vya barazani, na sehemu ya katikati ikatupwa.